Kalamu sita, kunguru mmoja na picha 864

Nafanya kazi steshenari hapa Tanga, kwa hiyo kalamu nazishika tangu asubuhi hadi tunapofunga. Naijua peni inayovuja, naijua inayokatakata, na naijua ile ambayo mteja akishaijaribu kwenye kiganja hairudishi tena. Na bado nikatapeliwa. Mwaka jana niliagiza mtandaoni pakiti ya kalamu za kuchorea, ncha nyembamba, ubavuni zimeandikwa kwamba maji hayazitoi. Nikamchora mama muuza vitumbua, nikaanza kumpaka rangi za maji kwenye kanga, na brashi haijamaliza hata pindo, uso wake wote umeshageuka zambarau. Muuzaji simtaji. Nilimwandikia kulalamika, akanijibu kwamba nimeweka maji mengi.

Binamu yangu aliyeko Muscat alipokuja likizo akaniletea kalamu sita za Sakura Pigma Micron, na hizo ndizo nimekaa nazo mwaka mzima. Sakura ni kampuni ya Kijapani, ilianza na krayoni mwaka 1921, na wino huu wa Pigma waliutoa mwaka 1982. Siri yake ni nyepesi kueleza. Wino wa peni nyingi ni rangi iliyoyeyuka, kama sukari kwenye chai, kwa hiyo ukirudisha maji inayeyuka tena. Wa Pigma una chembe ndogo ndogo za rangi zisizoyeyuka. Maji ya wino yakikauka, zile chembe zinabaki zimeng'ang'ania kwenye nyuzi za karatasi.

Siku ya kwanza sikuchora kitu cha maana. Nilipiga mistari kumi kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi, nikasubiri dakika moja, nikalowesha kidole nikasugua mpaka karatasi ikaanza kutoa manyoya. Karatasi iliharibika, mstari ukabaki. Ukinunua kalamu ya namna hii popote, fanya jaribio hilo kabla hujaigusisha kazi uliyoitolea jasho. Ila ile dakika ya kusubiri usiiruke, maana nimewahi kupitisha kiganja juu ya mstari mbichi na kujichafulia kazi mwenyewe.

Namba zake zinachanganya watu. Kalamu ya 05 si nusu milimita, mstari wake ni milimita 0.45. Ya 01 ni 0.25, na ya 005, yenye sifuri mbili, ni 0.20. Mimi naishi kwenye 01 na 05. Ya kwanza ni ya kope, vidole na nyuzi za ukili kwenye mkeka, ya pili ni ya kuzungushia umbo lote ili lionekane hata kwenye simu. Ile ya 005 niliizamisha ncha mwezi wa kwanza kwa sababu ya mkono wangu mzito. Ncha ni kijiti kidogo cha plastiki ndani ya mrija mwembamba wa chuma. Ukiandika kama unayejaza fomu za benki zenye nakala tatu, inarudi ndani na haitoki tena. Hiyo dhambi ni yangu, si ya kalamu. Ninachokiona kasoro ni kwamba haijazwi wino. Ikiisha unatupa, na kwa mshahara wa steshenari hilo linauma.

Sasa, kalamu hizi zilinitia kwenye filamu bila kukusudia. Nilikuwa nimechora kunguru akimwibia yule mama kitumbua, tukio linalotokea pwani kila siku ya Mungu, nikafikiri: vipi kama huyu kunguru angetembea? Nikamkata vipande. Mwili, mabawa mawili, kichwa, miguu, kwenye karatasi ya manila, halafu nikaviunga kwa uzi na selotepu upande wa nyuma. Manila ikipakwa rangi za maji inajikunja, basi kila kipande nilikiweka usiku kucha chini ya rimu mbili za karatasi pale kazini. Bosi hajui mpaka leo. Kosa kubwa lilikuwa kumjaza kunguru weusi kwa kalamu ya 08. Ilikwisha kabla sijamaliza bawa la pili! Kalamu hizi ni za mistari. Eneo kubwa tafuta rangi nyeusi ya maji na brashi.

Programu niliyotumia ni Stop Motion Studio, ya simu, inayounganisha picha moja moja ziwe filamu, na toleo la bure lilinitosha kabisa. Sinema ya kawaida ni picha 24 kwa sekunde, lakini katuni nyingi za mkono zinaenda kwa mikao 12, na jicho linakubali. Filamu yangu ni dakika 1 na sekunde 12, kwa hiyo nilihitaji picha 864. Nilipanga stuli mbili juu ya meza, nikalaza ubao wenye tundu, simu juu yake ikitazama chini. Kila unapogusa simu inatikisika, basi niliweka programu ipige yenyewe kila baada ya sekunde 8. Unasogeza mguu, unatoa mkono, kaa! imeshapiga. Kwa hesabu ni chini ya saa 2. Mimi nilitumia usiku 5, na picha za mkono wangu nilizozifuta sikuzihesabu.

Kilichonifanya niipende programu hii ni kivuli. Picha iliyotangulia inaonekana kwa mbali juu ya ile unayotaka kupiga, kama mtu nyuma ya pazia. Usiku wa tatu mpwa wangu alikuja mbio akaigonga meza, kunguru akaruka huku, sinia la vitumbua kule. Zamani ningelia. Niliwasha kile kivuli, nikasogeza sinia mpaka mduara wake ukalala juu ya mduara hafifu, kisha mdomo wa kunguru juu ya mdomo, nikaendelea. Ukiitazama filamu hutajua ni picha ya ngapi.

Tatizo la kweli lilikuwa mwanga, na hapa nilipoteza usiku mzima. Kila kunguru alipoingia kwenye picha, mkeka, sinia na mikono ya mama vilipauka ghafla. Akitoka, vinarudi. Nikalaumu taa, nikabadilisha balbu, wapi. Kumbe simu inajirekebisha yenyewe: ikiona jitu jeusi limeingia, inadhani kumekuwa giza na kuongeza mwanga kwa picha nzima. Ndani ya programu nikafunga mwanga, fokasi na mizani ya rangi visijibadilishe, nikarudia picha 130. Ile taa ya duara ya elfu 35 niliyoinunua nikidhani itaniokoa imebaki ya kupigia selfi. Taa mbili za mezani, moja kila upande, pazia limefungwa, zinatosha.

Mwanzo wa filamu nilitaka vitumbua halisi vikichemka kwenye kikaango, nikarekodi video jikoni chini ya taa ya umeme. Ikatoka na mikanda ya kivuli inapanda na kushuka. Umeme wetu unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde na taa nyingi zinapepesa kwa kuufuata, wakati simu ilikuwa inarekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde. Nilitumia Open Camera, programu ya kamera ambayo ni ya bure na haina matangazo, nikaweka fremu 25 na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, 1/50 ya sekunde. Mikanda ikatoweka. Angalia tu kama simu yako inaruhusu kushika shata kwa mkono, maana si zote.

Ukiniuliza ninunue nini tena, nitarudia 01 na 05 mbili mbili, na sitanunua seti nzima, kwa sababu 003 bado haijafunguliwa. Programu naiacha ilipo.

Filamu nilimwonyesha mama yangu kwanza, sebuleni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Akacheka kunguru alipochungulia kushoto na kulia kabla ya kuiba. Ilipokwisha akaomba irudishwe mwisho, akaisogeza karibu na macho.

"Mwanangu, kunguru nimempenda. Lakini hivyo vitumbua mbona havijaumuka?"

Ni kweli, nimevichora bapa kama chapati. Leo usiku narudia sekunde 4 za mwisho, picha 48.