ICU ya hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa: manesi wako sawa, maelezo hakuna

Babangu presha ilishuka haipandi, daktari akasema anawekewa katheta ya moyo, yaani ule mpira mwembamba unaopitia mshipa wa shingoni ukaingia upande wa kulia wa moyo mpaka kwenye mshipa wa mapafu. Tukapewa fomu tusaini, basi. Hakuna alotwambia mpira ukipita ndani ya moyo mapigo yanaweza kuvurugika, wala kwamba sindano ikienda vibaya inaweza kutoboa pafu ama ateri, na ukikaa sana unaleta infeksheni na damu kuganda. Mapigo yakavurugika kweli, monita inalia sisi tuko mlangoni roho mkononi. Lakini wale manesi nawapa haki yao wallahi, macho hayakubanduka kwa skrini, mpira ukasogezwa mapigo yakatulia, wakapiga na eksirei ya kifua kuhakikisha. Bandeji ya shingoni safi kila tukiingia, na hapana mtu aliigusa bila kunawa. Nyota tatu. Mkiwa na mgonjwa huko, kabla ya kusaini ulizeni mpira ni wa kazi gani na utatolewa lini, maana kila siku ukizidi kukaa hatari ya infeksheni inapanda.