TAHADHARI: “Maswali halisi” ya IELTS yanayouzwa WhatsApp

Jamani, mnaojiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, hasa wauguzi na wanafunzi mnaotaka kwenda Uingereza au Kanada, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Kampala kuna matangazo ya aina hii: “Maswali halisi ya kuongea na kuandika, mtihani wa Jumamosi, bendi 7 uhakika, ukifeli pesa inarudi.” (Bendi ni kiwango cha alama cha IELTS.) Ukisita, bei inashuka. Unatuma kwa mobile money, jina linalotokea kwenye simu si la yule mnayeandikiana, unapokea PDF nene, na ukianza kuuliza maswali unatolewa kwenye kundi.

Ndani ya PDF, mada za kuongea ni zile ambazo watahiniwa waliotangulia walizikumbuka wakaziweka mtandaoni bure. Muuzaji kazikusanya na kuzibandika tarehe. Upande wa kuandika ni insha za kukariri, nyingi zikianza na “In this modern era, it is an undeniable fact that…”, kisha pengo la kuchomeka mada yako. Hapo ndipo mnapoumizwa. Vigezo vya usahihishaji viko wazi kwa umma, na vinasema jibu lililothibitika kuwa limekaririwa lote linapata 0. Ukikariri nusu pia haikusaidii: aya ya kwanza inang’aa, ya pili vitenzi vinapishana na nafsi, na mtahini anaona kiraka papo hapo. Mbaya zaidi, sentensi za jumla hazijibu swali, na kujibu swali ni robo nzima ya alama za insha.

Kwenye kuongea ni vilevile. Mahojiano ni dakika 11 hadi 14 na yanarekodiwa. Sehemu ya pili unapewa kadi ya mada, dakika 1 ya kujipanga, halafu unaongea dakika 1 hadi 2. Aliyekariri anakwenda kasi moja bila kupumua, akiulizwa kaswali kadogo anakwama. Sehemu ya tatu mtahini anachimba kwa maswali ya kwa nini na ingekuwaje, na unatakiwa ufikiri palepale.

Muulize muuzaji swali moja tu: hii ni ya Academic au General Training, zile aina mbili za IELTS? Kazi ya kwanza ya kuandika kwenye Academic ni kueleza chati, jedwali au mchoro. Kwenye General ni barua. Wengi wao wanauza barua kwa watu wa Academic bila hata kujua.

Kuna na “wasahihishaji” wanaotoza kwa kila insha. Anakurudishia “6.0, ongeza misamiati”, basi. Usahihishaji wa kweli una alama nne tofauti: kujibu swali, mpangilio na muunganiko, msamiati, sarufi, tena unakuonyesha sentensi iliyokuponza. Mjaribu kabla ya kulipia kifurushi: mpelekee insha safi ya Kiingereza ambayo haigusi swali kabisa. Akikupa 7, achana naye.

Wakala anayejitolea “kukuandikisha” ni hatari kwa namna nyingine. Anaweka barua pepe yake kwenye akaunti yako, kwa hiyo taarifa za tarehe na matokeo zinapitia kwake, na kila ukitaka kitu unatozwa. Juu ya hayo amebaki na nakala ya pasipoti yako. Jiandikishe mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya British Council au IDP, mashirika yanayoendesha mtihani huu, kwa barua pepe yako, nywila yako.

Anayeuza cheti bila mtihani, hata msijadiliane. Chuo au mwajiri huyakagua matokeo kwenye mfumo wa IELTS wenyewe. Karatasi nzuri ya Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, haimo humo.

Mazoezi ya mfano yapo bure kwenye tovuti hizo hizo za British Council na IDP, pamoja na vigezo vya alama. Pigeni saa: dakika 60 za kuandika, 20 kwa kazi ya kwanza (maneno yasiyopungua 150), 40 kwa insha (yasiyopungua 250), kwa sababu insha ina uzito mara mbili. Wengi wanaanza na chati, inawala nusu saa, insha inaishia maneno 200. Kwa kuongea, jirekodi dakika 2 kwa simu, sikiliza, rudia mada ileile kwa maneno mengine.

Uliyekwisha kutuma hela: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kabla jamaa hajazitoa kwa wakala wa mobile money. Usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala. Piga picha za skrini zenye namba na jina lililosajiliwa, upeleke polisi. Kama ulimpa nywila yoyote, badilisha leo.