Tairi za theluji kwa pikapu: ipi ianze, ipi uiache dukani

Pikapu tupu ni gari gumu kwenye barafu. Injini na abiria wako mbele, bodi ya nyuma haina kitu, na mara nyingi magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ukizidisha mafuta kidogo tu kwenye kona, mkia unahama. Wenye pikapu wengi wakielezwa hivyo hujibu kwamba yao inavuta kwa magurudumu yote manne. Ni kweli, itaondoka vizuri pale ilipokwama. Lakini gari lolote hufunga breki kwa magurudumu manne, na hapo hakuna gia itakayokusaidia. Kuna mpira na barabara tu. Ndiyo maana nimezipanga tairi hizi kwa swali moja: pikapu itasimama wapi?

Kwanza ujue unachonunua. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa, hata kama hakuna theluji hata chembe. Tairi ya theluji hutengenezwa kwa mpira wenye silika nyingi, unaobaki laini baridi inapouma. Ikague kwa karibu: kila jino lina chale nyembamba, kana kwamba mtu amelichanja kwa wembe. Gurudumu likizunguka chale hizo hufunguka, zikang'ata theluji na kufyonza utando wa maji ulio juu ya barafu. Theluji nayo hujaa kwenye mifereji ya tairi, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira.

Kisha tafuta ubavuni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi yenye mchoro huo imepimwa kwenye theluji na kufaulu. Herufi M+S (yaani tope na theluji kwa Kiingereza) peke yake haina uzito huo. Inaeleza umbo la meno tu, na anayeiandika ni mtengenezaji mwenyewe. Ujerumani iliacha kuitambua M+S pekee kuwa tairi ya majira ya baridi tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Quebec, ambako tairi za baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, nako mchoro ndio unaoangaliwa, au misumari, yaani vijino vya chuma vinavyopigwa kwenye meno ya tairi. Ila usisahau kwamba jaribio la mchoro ni la theluji, si la barafu. Tairi mbili zenye mchoro uleule zinaweza kuachana mbali sana barabara ikigeuka kioo.

Nafasi ya 1: tairi za theluji zisizo na misumari

Kwa wengi wetu jibu ni hili. Zinashika kwenye theluji na kwenye barafu, hazipigi kelele, na lami ikikauka kwa wiki mbili hazikusumbui. Hapa ndipo zilipo Bridgestone Blizzak na Michelin X-Ice.

Kosa la wenye pikapu hutokea kwenye uzito. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichopo pale: kina saizi ya tairi na upepo unaotakiwa. Ikiwa pikapu yako ni nyepesi, ilitoka kiwandani na tairi za aina ya gari dogo na hubebi mizigo mikubwa, chukua tairi za theluji za magari ya SUV. Blizzak DM-V2 ni mfano. Mpira wake huwa laini zaidi na utaufurahia kwenye barafu. Lakini kama unavuta trela, unajaza bodi mawe au kuni, au pikapu ni ile ya kazi nzito, lazima saizi ianze na herufi LT, yaani tairi za malori mepesi. Kwenye kundi hilo, herufi E ina maana ya nguvu ya plai (tabaka za tairi) 10, na tairi hizo kwa kawaida hujazwa upepo hadi psi 80, psi ikiwa kipimo cha mgandamizo wa upepo. Angalia pia namba ya uzito: 121, kwa mfano, ni kilo 1,450 kwa tairi moja. Usishuke chini ya namba ya kibandiko kwa sababu tu tairi nyingine ina bei nzuri. Blizzak LT na Goodyear WinterCommand LT zimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Na ukipewa kuchagua kati ya pana na nyembamba, zote zikiwa zimeruhusiwa kwa gari lako, chukua nyembamba. Inakata theluji ikafika chini. Pana hupanda juu na kuelea.

Nafasi ya 2: tairi za misumari

Kwa anayeishi mwisho wa barabara isiyosafishwa, kwenye vilima, ambako barafu huyeyuka mchana na kuganda usiku, hizi zinapanda hadi nafasi ya 1. Misumari hung'ara zaidi kwenye barafu yenye maji, karibu na nyuzi 0, pale ambapo mpira mtupu huhangaika. Nokian Hakkapeliitta LT3 ni ya kundi hili, na Wafini hawakuanza jana: kiwanda hichohicho kilitoa tairi yake ya kwanza ya theluji mwaka 1934, na ilikuwa ya malori.

Hasara zake ni za kweli. Zinanguruma, zinakwangua lami, na kwenye lami kavu au iliyolowa chuma hakishiki kama mpira. Nchi nyingine zinazipiga marufuku, Ujerumani ikiwemo, kwa hiyo uliza sheria kabla ya kulipa. Misumari ipigwe kwenye tairi mpya tu, kisha uendeshe polepole kilomita 500 za mwanzo ili ikae sawasawa.

Nafasi ya 3: tairi za kila ardhi zenye mchoro wa mlima

BFGoodrich KO2, Falken Wildpeak A/T3W, Toyo Open Country A/T III. Ni imara, zinafaa mwaka mzima, na kwenye theluji nzito zinajitahidi sana. Kwenye barafu zinaachwa nyuma. Kama unapata theluji siku chache kwa mwaka, zinatosha. Kama barafu inalala barabarani miezi mitatu, hapana.

Nafasi ya 4: M+S bila mchoro

Za dharura tu.

Ya mwisho: tairi za tope

Hapa nasema kwa uchungu. Meno makubwa yanadanganya macho. Mpira wake mara nyingi ni mgumu, chale ni chache, na barafu haijali ukali wa sura. Nimewahi kushuka mteremko na pikapu yenye tairi hizo. Nilikanyaga breki, ikatetemeka chini ya mguu, na gari likaendelea kushuka taratibu kama vile sijafanya kitu, hadi tuta la theluji pembeni likalipokea. Nilikuwa na magurudumu manne yanayovuta.

Kabla ya kulipa

Nunua nne. Ukiweka mbili nyuma, mbele hapatageuka. Ukiweka mbili mbele, mkia utakupita. Soma tarehe ubavuni: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Ukiweza, zifunge kwenye rimu zake za pekee, usizitoe na kuzirudisha kila msimu.

Upepo hupungua karibu psi 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, kwa hiyo pima asubuhi kabla ya kuwasha gari. Bodi ikiwa tupu, weka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na uifunge kwa mikanda, isije ikaruka mbele ukifunga breki. Kina cha meno kikifika milimita 4, tairi bado itaonekana nzima, lakini chale nyingi zimeisha. Msimu unaofuata usiifunge tena.