Sitizami, nasikiliza: Netflix mbele ya cherehani

Fundi wa nguo hana macho ya kuchezea. Mkono mmoja uko kwenye gurudumu, mwengine unaongoza kitambaa, na macho hayaondoki pale sindano inapozama. Ukiyahamisha kwa nukta moja tu inakupitia kidole, na kovu la kuonesha ninalo. Kwa hiyo mtu akiniuliza napenda kutizama nini Netflix, ile huduma ya kulipia ya filamu na tamthilia za mtandaoni, jibu la kweli ni kwamba sitizami. Nasikiliza. Hapa ukumbini kwangu Wete, Pemba, simu naiegemeza kwenye kopo la vifungo, sikio moja nalitia waya, jengine naliacha kwa wateja, na hadithi inaniingia kwa sauti huku miguu ikienda.

Nalisema hili mapema ili ijulikane naipima huduma hii kwa futi gani. Wengine watakueleza ukali wa picha na ukubwa wa kioo. Mimi nataka kujua jambo moja tu: nikiinamisha kichwa, nitaifahamu?

Aliyeniingiza ni mtoto wa kaka yangu. Alinikuta nasikiliza redio ile ile, matangazo yale yale, akasema, "Shangazi, mpaka lini?" Akaniwekea programu kwenye simu, akalipia kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kutokana na pesa za simu, na kwa ujana wake akachagua kifurushi kikubwa kuliko vyote. Halafu akaenda kwenye mipangilio akaweka matumizi ya data kiwango cha juu kabisa, eti nifaidi. Mimi sina habari. Nikanunua bando la GB 10 nikitaraji linivushe wiki, nikakaa na kanzu tatu za harusi. Isha haijaadhiniwa, bando limekwisha. Nililalama weee, nikaapa nimeibiwa. Kumbe hesabu iko wazi: kwa mpangilio ule GB moja huenda kwa dakika 20 hivi, kwa hiyo 10 ni saa tatu na kidogo. Ukiweka kwenye kuokoa data, GB hiyo hiyo moja inakupa kama saa sita. Mara 18! Na kwa mtu aliyeinamia pindo la kanzu picha ni moja tu, iwe safi iwe na ukungu. Sasa niko kwenye kifurushi cha simu, cha chini kabisa, kifaa kimoja kwa wakati mmoja na picha isiyozidi 480p. Kwangu mimi hata hiyo ni ya ziada.

Umeme haunisumbui kama unavyowasumbua wenye televisheni. Tangu 2010 Pemba tunavuta umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na siku unapokatika ovaloki yangu, mashine ya umeme ya kufunga kingo, inageuka meza ya kuwekea vikombe, lakini cherehani ya miguu haijui habari hizo. Simu ikiwa na chaji, kazi na hadithi vinaendelea. Vitu navipakua kila Ijumaa nikienda Chake kwa wifi yangu, yeye ana intaneti ya nyumbani. Hapo nilijifunza kwa hasara kwamba kilichopakuliwa si mali yako: baadhi ya vipindi, ukishavigusa kuanza, una saa 48 tu kisha vinafungika. Kwa hiyo sianzi sehemu nisiyoimaliza. Na kabla ya kukaa kazini nafunga kioo kwa ile alama ya kufuli iliyomo kwenye programu, maana kiwiko changu kiliwahi kuirusha mbele hadithi nikasikia mtu analiliwa kabla sijajua kama aliumwa.

Ipo tabia moja ya Netflix inanichekesha. Zikipita sehemu kadhaa mfululizo bila kugusa kitu, inasimama na kuuliza kama bado natizama. Nina kitambaa cha hariri mkononi, siwezi kuachia, na yenyewe imekaa kimya inangoja jibu. Bado natizama? Sijaanza hata kutizama.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo ndipo palipo na kazi.

Maandishi ya chini ya picha kwangu ni sawa na hayapo. Kwa hiyo nilianza na lugha ambazo sikio langu lina ukoo nazo. Sisi tuliokulia na kanda za Kihindi, tukikariri nyimbo bila kujua maana, tukaja kujua maana bila kujua tulijifunza lini, tamthilia ya Heeramandi ilitukuta tumeshajiandaa. Ilitoka Mei 2024, sehemu nane, kazi ya Sanjay Leela Bhansali, na ndani yake yumo Manisha Koirala ambaye tulimpenda tukiwa wasichana. Humu amekuwa Mallikajaan, mama mwenye nyumba, na sauti yake imekolea kama chai iliyosahauliwa jikoni. Hadithi iko Lahore siku za kudai uhuru wa India, kwenye mtaa wa wanawake wa ngoma na mashairi, hivyo si ya kuweka mbele ya watoto na wala si ya kuweka mbele ya mama mkwe. Lakini lugha yake! Kiurdu kile cha adabu kimejaa maneno ambayo mtu wa visiwa hivi hahitaji kufasiriwa. Anasema waqt, nasikia wakati. Duniya, khabar, safar, sabr, adab, qismat, maut. Akitaja khiyanat najua pana mtu ameshauzwa, hata nikiwa katikati ya kutia zipu. Sisemi naelewa kila sentensi, la. Nashika neno huku, neno kule, toni ya mtu naijua, na yaliyobaki najazia mwenyewe kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani nyuma ya ukuta. Mara nyingi sikosei.

Kituruki ni hivyo hivyo. Ertuğrul niliifuata YouTube, si Netflix, na ni mzigo: misimu mitano, sehemu moja yenyewe inakaribia saa mbili. Ni habari za baba yake Osman, yule aliyeasisi dola ya Uthmaniya, mahema, farasi na mapanga. Mapanga hayahitaji tafsiri. Humo nako unasikia adalet, zalim, sabır, şükür, dua, dünya, na ukiwa umepita chuoni hata siku mbili unajua nani mwema na nani dhalimu. Nilishona sare za skuli nzima moja kwa Ertuğrul, na ninaamini mishono ya msimu ule ilikuwa imara zaidi.

Kikorea ndicho kilichonishinda. Watoto walikuwa wamepagawa na Squid Game, ile ya 2021, watu 456 wanaocheza michezo ya kitoto na anayeshindwa anauliwa. Kijana mmoja alinijia na fulana ya michezo ya kijani anataka nimshonee 456 kifuani. Nikasema ngoja nijue namshonea nini. Nikaweka, nikainama: kelele, milio ya risasi, kilio, kimya. Hakuna hata neno moja la kushika. Nikahamia sauti ya Kiingereza, na Kiingereza cha skuli ninacho, lakini bado: wanapokimbia wanakimbia kimya, wanapokufa wanakufa kimya, na aliyeinama hajui.

Ndipo, katika kuparamia orodha ya lugha, nikagusa chaguo moja lililoandikwa kwamba ni Kiingereza chenye maelezo ya sauti. Nilifikiri simu imepata wazimu. Katikati ya mchezo ikatokea sauti ya mtu mpole, haimo katika hadithi, inaniambia: fulani anageuka, anatizama mikono yake, mlango unafunguka. Ikinyamaza wahusika wanasema, wakinyamaza yenyewe inasema. Baadaye wifi alinieleza kwamba hayo yametengenezwa kwa ajili ya wasioona. Netflix walianza nayo 2015, kwenye tamthilia ya Daredevil, ambayo mhusika wake mkuu mwenyewe ni kipofu, na sasa karibu kila wanachokitengeneza wenyewe kinayo. Wallahi hakuna aliyenitajia. Watu wananisifia picha miezi mitano na kitu nilichokuwa nakihitaji kimefichwa chini ya orodha. Ikiwa wewe ni fundi, unamenya muhogo, unasuka ukili, unachambua karafuu, macho yako yana kazi nyengine, kitafute hicho kabla ya kutafuta tamthilia.

Tena hapo ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu jambo lenyewe si geni kwetu. Bara walikuwa na Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, na watu wakijaa vibandani kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kutizama filamu. Huyu mpole wa Netflix ni Lufufu tu aliyesomeshwa adabu. Sasa mbona hasemi Kiswahili? Menyu unaweza kuigeuza ikawa ya Kiswahili, nikafurahi siku ile, nikadhani na hadithi zitafuata. Hazikufuata. Hata kile kipindi cha matajiri wa Afrika cha 2022 ambacho Diamond Platnumz yumo, maneno mengi ni Kiingereza. Jirani zangu wenye visimbuzi wanapata tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, wanazijadili kisimani, na mimi ninayelipia kila mwezi nimekaa nawinda maneno ya Kiarabu ndani ya Kiurdu. Kwa hilo siwapi zaidi ya nusu.

Kipindi pekee ninachokisimamishia cherehani ni Next in Fashion. Hicho nakitizama usiku, kwa macho, miguu nimeikunja kitandani. Msimu wa kwanza, wa 2020, mafundi 18 wanashindania dola 250,000, wanaanza wawili wawili, wanapewa jambo la kushona na muda mfupi. Alishinda Minju Kim wa Korea Kusini, aliyeanza akiwa pamoja na Angel Chen wa China, na ushindi ulimstahiki. Anajua kukata, na anajua kuacha. Nimemwiba mkono mmoja wa gauni, wenye kujaa juu na kubana kwenye kifundo, na Wete nzima sasa wanao. Lakini niseme kama fundi: wale wana raha. Wanawashonea wasichana wembamba wa kimo kimoja. Hakuna aliyeletewa mita tatu za kitambaa na picha ya gauni la mita saba. Hakuna mteja aliyekuja siku ya mkesha wa Idi na kitambaa kibichi, "fundi wangu, nifichie siri, nitie katikati." Na hakuna anayelirudisha gauni akisema limembana wakati wewe unajua, na yeye anajua, kwamba vipimo alivipa mwezi wa Rajabu na futari imepita katikati.

Tamthilia ya Bridgerton niliifungua kwa ajili ya magauni, nikaifunga kwa ajili ya mambo mengine. Nikaweka na namba ya siri.

Mwezi wa Ramadhani Netflix naivunja. Hakuna mkataba wa mwaka, unasimamisha mwezi unaotaka na ukirudi unakuta majina yako yapo na ulipoishia papo. Mchana wa Ramadhani sikio langu lina kisomo, usiku baada ya tarawehe ndio mshono wa Idi wenyewe, mpaka daku, na mteja kila baada ya dakika mbili. Vilevile mwaka wa karafuu haba naivunja bila majonzi, kwa sababu karafuu zikiwa haba nguo hazishonwi, na nguo zisiposhonwa nitasikiliza nikifanya nini? Msimu ukiwa mzuri nalipia na simuulizi mtu.

Juzi akaja bibi harusi, na mdogo wake, na simu. "Fundi, umeiona Heeramandi?" Nikamwambia nimeimaliza mara mbili. Uso ukamng'ara. "Basi nataka kama zile nguo zao, ile suruali pana, ya usiku wa hina."

Nikabaki nimeduwaa na futi shingoni. Sehemu nane, mara mbili, nawajua kwa sauti mpaka nafahamu nani kaingia kwa mlio wa njuga zake, na sikuwa najua hata mmoja kavaa nini.

Nikazima cherehani ya miguu, yaani nikaondoa miguu. Tukakaa watatu kwenye mkeka, nikaifungua, na kwa mara ya kwanza nikaitizama. Ee Mola. Dhahabu juu ya dhahabu, lesi, vioo, darizi iliyokaa kama imeota. Nikawa nasimamisha, narudisha nyuma sekunde kumi, nasimamisha tena, nahesabu. Ile suruali inabana mpaka gotini, pale gotini pana mshono wenye marinda ya kukusanya, kisha inafunguka mpaka chini na kuburura. Nikapima upana kwa macho, nikaongeza bitana.

"Umeleta mita ngapi, mwanangu?"

"Nne."

"Hizo za mguu mmoja."

Ameondoka kwenda kuzungumza na mama yake. Mimi usiku ule nikafunika cherehani kwa shuka, nikaianza Heeramandi upya kutoka sehemu ya kwanza, na kwa heshima ya zile nguo nikapandisha picha mpaka pale kifurushi changu kinaponiruhusu.