Kamusi ya 1939, neno haramia, na mzee wa vitabu wa Mkunazini

Kamusi hii nimeinunua Alkhamisi ya wiki ya kusahihisha mitihani, kwa shilingi 25,000, kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vilivyokwishatumika katika uchochoro wa Mkunazini, karibu na kanisa lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Duka halina kibao. Mlango mmoja, rafu tatu zilizoinama, na nje baraza lenye mkeka. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa Kiswahili, Unguja na Pemba, kwani najua wapo wanaoitafuta na wanaogopa kutoa pesa kwa kitabu kilichochanika.

Ni ile kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa 1939 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kazi iliyosimamiwa na Frederick Johnson juu ya msingi wa kamusi ya Madan ya 1903. Niliyopata mimi ni ya chapa ya baadaye. Jalada limepauka, karatasi zina harufu ya kasha la nguo, lakini herufi zinasomeka.

Mzee ana desturi ninayoipenda mno: hakuuzii kamusi mpaka ukae barazani utafute neno lako. Nilipomwamkia tu akaniuliza, "Mwalimu, neno gani linakusumbua? Anza na hilo."

Langu lilikuwa haramia. Lilinisumbua tangu siku nilipowauliza Kidato cha Pili kule Wete, haramia ni nani? Mikono juu, na jibu lilikuwa moja darasa zima: mwivi wa meli. Sikuweza kuwalaumu. Na mimi nakumbuka mwaka 2008, redio haikunyamaza: Septemba ilitekwa meli ya Faina, iliyokuwa imebeba vifaru vya vita, na Novemba ikatekwa Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia. Kila taarifa ya habari ilikuwa maharamia, maharamia. Neno likachukuliwa baharini na hadi leo halijarudi pwani.

Lakini bibi yangu wa Konde, aliyepanda chombo kwenda Unguja mara mbili tu katika umri wake wote, alilitumia kwa watu wa njiani. Msimu wa karafuu alikuwa akituonya tusikatishe Ngezi jua likishakuchwa: "Mtakutwa na maharamia humo." Ngezi ni msitu. Hakuna meli.

Basi nikafungua herufi h pale barazani. Neno lipo, na wingi wake maharamia, na tafsiri zake zinamkusanya mnyang'anyi wa nchi kavu pamoja na wa baharini ndani ya neno moja. Nilimsomea mzee kwa sauti, kwa furaha ya kuona maneno ya bibi yamo kitabuni. Hapo hapo nikatoa pesa.

Sasa niseme isichokupa. Inakwambia asili ya neno ni Kiarabu, kisha inakuachia hapo. Lililobaki nimelipata kwa kusoma pengine. Kwa Kiarabu mwivi mmoja ni harami, na wengi ni haramiya. Sisi tulipokea ule wingi tukaufanya mtu mmoja, kisha tukamtafutia wingi mwingine kwa ma-. Kwa hiyo kila ukisema maharamia umetia wingi juu ya wingi. Wanafunzi wangu walilipenda hilo kuliko somo zima la ngeli.

Na kuna uzito ambao kamusi ya aina hii haiwezi kuubeba. Chuoni tulisomeshwa mlango wa mkata njia, qatiu tariqi, katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ya madhehebu ya Shafii. Mwivi huchukua kwa siri. Mkata njia huchukua waziwazi, kwa kutegemea nguvu zake, mahali ambapo ukipiga ukelele hakuna wa kukufikia. Sharti hilo, kuwa mbali na msaada, ndilo linalomtenga na mwivi wa kawaida, na wanazuoni humzungumzia kwa aya ya 33 ya Suratul Maida, ambayo aya ya baada yake inawatoa wanaotubu kabla ya kutiwa mikononi. Ukilitazama neno letu kwa jicho hilo, msitu wa usiku na katikati ya bahari ni mahali pamoja. Bibi na redio wote walisema kweli. Leo tunaye jambazi, ambaye anaweza kukuvunjia mlango hapa mjini majirani wakisikia. Mahakamani tuna unyang'anyi wa kutumia silaha, maneno yanayotaja alichoshika mtu na yasiyotaja alipokukuta. Kwa yule anayekungojea pasipo na msaada hatuna jingine ila haramia, nami sikubali tuwaachie mabaharia peke yao.

Kurasa chache mbele, herufi ile ile, nikakaa na hongo. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ililipa hongo kwa watemi ili ipite katika nchi zao: nguo, shanga, nyaya za shaba. Ilikuwa haki ya mwenye nchi, ingawa wasafiri walilalamika kila siku kwamba wanaporwa. Anayetaka kufundisha jinsi maana inavyohama, aweke haramia na hongo ubao mmoja.

Kasoro ya nakala yangu niliiona usiku, nilikofikia Kikwajuni. Kamusi hii huweka majina chini ya vitenzi yalikotoka, kwa hiyo unyang'anyi hutaukuta kwenye u wala mnyang'anyi kwenye m. Shuka mpaka nyang'anya. (Wageni wa kitabu hiki huitupa kwa sababu hiyo, wakidhani maneno hayamo. Yamo.) Nikashuka, nikakuta karatasi imenyofolewa. Jani zima la mwisho wa n halipo. Niliumia, kwani ndilo neno la pili nililolihitaji.

Asubuhi nikarudi nayo. Nilijitayarisha kugombana na sikuhitaji. Mzee aliishika, akahesabu kurasa polepole, akasema, "Nisamehe mwanangu, hili sikuliona." Akatoa nakala nyingine kutoka chini ya rafu, akampeleka mjukuu wake Darajani kutoa kopi ya jani lile pande zote mbili, akaligandisha kwa gundi ya unga mahali pake, na akanirudishia shilingi 5,000 bila ya mimi kudai. Jani limekaa sawasawa mpaka leo, ila ni jeupe kuliko mengine.

Ukienda, nenda baada ya alasiri. Asubuhi hufungua akijisikia. Hesabu kurasa kabla hujalipa, hasa n na t. Ile nakala ya pili ina kurasa zote ila mgongo umekatika, anaitaka 15,000. Nimemuomba aniwekee mpaka Jumatano, kwa ajili ya maktaba ya skuli yetu.