Shilingi 15,000 kwa mwalimu asiyetaka kuulizwa

Darasa lenyewe ni la Jumamosi, Ngara, Nairobi, juu ya maduka. Nililipa taslimu nifundishwe roto peke yake: kumkata mtu anayetembea, umtoe kwenye video fremu kwa fremu, yaani picha moja moja. Wiki zimepita na hasira haijaniisha.

Zoezi lilikuwa sekunde 10 za msichana akivuka barabara. Fremu 25 kwa sekunde, jumla 250. Mwalimu akatuambia tuchore mstari mmoja umzunguke msichana mzima, nywele hadi viatu, tuusogeze kila fremu. Jumamosi mbili nilisogeza, macho yakiniwasha. Nilipoicheza, kingo zilitokota kama maji ya ugali. Mkono ulipopita kifuani, mstari ulijikunja ukala bega.

“Mwalimu, mbona ukingo unatetemeka hivi?”

Skrini hakuitazama. “Madam, hii kazi inataka macho ya vijana.”

Nina miaka 46. Darasa zima likacheka, na kingo zao zilitetemeka vilevile!

Nilijifunza nyumbani usiku, kwa Blender, programu ya kompyuta ya bure. Mtu hakatwi mzima. Kichwa kina maski yake, yaani mstari wake wa kukatia, kiwiliwili yake, bega hadi kiwiko yake, kiwiko hadi kiganja yake, na vipande vinapishana kwenye viungo. Nukta za kila mstari ziwe chache. Unaanza kupanga maski kwenye fremu ambazo mwendo unageuka, mguu ukikanyaga au ukifika juu kabisa, programu inajaza fremu za katikati, wewe unarekebisha ilipokosea. Msichana wangu akatulia. Karibu nilie.

Hapo nilitaka kuandika: msiende. Lakini siku stima zilipopotea, mwalimu huyohuyo alibaki nami gizani, akapunga mkono mbele ya kamera ya simu yake, akasimamisha picha. “Unaona vidole? Kamera haikuviona, ni ukungu tu. Usivichore.” Ukungu huo, ukingo wa maski unalainishwa kuufuata. Kitu hicho kimenifaa kuliko vyote, na ni yeye aliyenipa. Kwa hiyo anajua kufundisha! Ndiyo maana inaniuma zaidi: alijua, akaniacha nihangaike na mstari mmoja Jumamosi mbili.

Basi nendeni mkitaka, mkamuulize habari ya ukungu. Mimi nitarudi siku atakayoniomba radhi mbele ya walewale waliocheka.