Tiketi ya magofu ya Napoli: ukate ipi kwanza?

Ndugu wakija Italia, swali lao ni hilo hilo: tukifika Napoli, tukate tiketi ya wapi? Wengi huwa wameshaamua ni Pompei, wanataka niwathibitishie tu. Mimi huwaambia, kama una siku moja, kata ya Ercolano. Mwaka jana nilimpeleka mama yangu aliyekuja kutoka Tanga, magoti yakimsumbua, na safari ile ndiyo iliyonifanya niwe na uhakika kabisa na mpangilio huu.

Nafasi ya kwanza: Ercolano asubuhi, makumbusho jioni

Ercolano na Pompei, miji ya kale ya Warumi, ziliangamizwa na mlipuko mmoja wa mlima Vesuvius, mwaka 79, ila hazikuzikwa kwa namna moja. Pompei ilinyeshewa kokoto nyepesi za volkano mpaka mapaa yakaelemewa na kuporomoka. Ercolano ilivamiwa na mawimbi ya gesi na majivu ya moto mkali, yakarundikana hadi kina cha mita 20 hivi, kisha yakawa mwamba. Mbao zake hazikuoza, ziligeuka mkaa na kubaki pale pale zilipokuwa. Utaona maboriti, utaona kitanda, na katika nyumba moja utaona kiambaza cha mbao chenye milango, kilichotenga ukumbi na chumba cha ndani, kimesimama bado.

Mama alisimama muda mrefu kwenye duka la chakula lililo kando ya barabara. Kaunta yake ni ya mawe, na ndani yake imezamishwa mitungi mikubwa, midomo ikitazama juu. Akachungulia mtungi wa kwanza, akaenda wa pili, wa tatu. "Mwanangu," akaniambia, "huyu alikuwa mama ntilie." Tangu hapo hakutaka kuharakishwa tena, alitaka kuona jiko la kila nyumba.

Usiondoke bila kuangalia matao ya kuhifadhia mashua upande wa uliokuwa ufuko. Tangu miaka ya 1980 yamepatikana hapo mabaki ya watu wapatao 300 waliokimbilia baharini wakisubiri kuokolewa. Ongea kwa sauti ya chini ukifika pale.

Nilipokwenda, tiketi ilikuwa yuro 16. Panda treni ya Circumvesuviana, shuka Ercolano Scavi, teremka na barabara moja kwa moja kama dakika kumi. Kurudi ni mlima, mwenye magoti apumzike njiani. Saa tatu zinatosha, kwa hiyo jioni bado unayo.

Jioni hiyo itumie Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Napoli. Michoro na sanamu nyingi nzuri za miji hii zilihamishiwa huko, na asiyefika hapo huondoka akidhani Warumi waliishi kwenye kuta tupu. Jumanne huwa yamefungwa. Mtu wa pwani aulizie sanamu ndogo ya pembe ya ndovu iliyotoka Bara Hindi, ikachimbuliwa Pompei mwaka 1938. Ni ya karne ile ile kilipoandikwa kitabu cha mabaharia, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinachotaja soko la Rhapta kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki na pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka huko. Nilipomweleza mama hayo mbele ya kile kisanamu, alirudi kukitazama mara ya pili. Kisanamu hicho hukaa katika chumba cha michoro ya faragha, basi mwenye watoto ajipange.

Nafasi ya pili: Pompei, lakini kwa siku nzima

Pompei ni mji hasa: hekta 66, theluthi moja bado haijachimbwa. Uzuri wake ni barabara, zenye makovu ya magurudumu ya mikokoteni na mawe makubwa ya kuvukia. Ukiipa saa mbili utachoka bila kuona kitu. Tiketi ziko za aina mbili kuu: ya mji peke yake, na ile ya Pompei+ inayoongeza majumba ya nje ya kuta, likiwemo Villa dei Misteri na kuta zake nyekundu zilizojaa picha za watu wa kimo cha binadamu. Ongeza zile yuro chache, chukua Pompei+.

Tangu Novemba 2024 wageni wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku, na tiketi hubeba jina. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti. Nunua kwenye tovuti rasmi. Mimi niliwahi kulipa karibu mara mbili kwa mchuuzi wa mtandaoni, kwa tiketi ile ile. Mkoba mkubwa hauruhusiwi ndani. Chupa ya maji ni lazima, utaijaza kwenye mabomba, maana kivuli ni haba na mwezi wa Julai jua ni kali kweli.

Nafasi ya tatu: Paestum

Mbali kidogo, kusini ya Salerno, lakini treni inakushusha karibu. Mahekalu matatu ya Kigiriki, la zamani zaidi likiwa la mwaka 550 hivi kabla ya Kristo, yamesimama uwandani na nguzo zake. Makumbusho yako ng'ambo ya barabara: tafuta picha ya mtu anayejirusha majini, iliyofunika kaburi hadi 1968. Anayechukia msongamano aipandishe nafasi ya kwanza, sitabishana naye.

Ya mwisho: basi la siku moja kutoka Roma

Pompei, Vesuvius na pwani ya Amalfi kwa siku moja. Utalipa pesa nyingi kukaa kwenye kiti. Treni ya kasi toka Roma hadi Napoli huchukua saa moja na dakika kumi hivi, halafu unajipangia mwenyewe.

Ukiwa na siku tatu, piga hesabu ya Campania Artecard, kadi ya watalii ya mkoa mzima: vivutio viwili vya kwanza vimo ndani ya bei, vinavyofuata vina punguzo, na usafiri wa umma umo. Itumie kwa vile vya bei ya juu kwanza. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi, maeneo haya ya serikali ni bure. Siku hiyo Pompei hufurika, nenda Paestum.